Siku Niliyosoma Bila Kukwama

Alhamisi, 15 Septemba 2011

Tramu ya 92 imechelewa tena, nimefika mtaa wa Uccle nimelowa hadi soksi. Madame Shokuh ananisubiri mlangoni na fimbo yake. Leo ni kumbukumbu ya kifo cha muzee wake, marehemu mumewe, lazima halua. Unga, siagi, sukari, zafarani, maji ya waridi. Kwetu Buyenzi halua ni ya Idi na harusi! Kwao Waajemi ni ya maiti. Anasema harufu ya unga ukikaangwa ikitoka dirishani, Muajemi yeyote anayepita anajua humu kuna mtu wa kuombewa. Nikamwambia, Madame, mtaa huu wanapita mbwa na wenye mbwa tu. Alicheka hadi akakohoa.

Na babu yake Madame alikuwa mwana wa mfalme! Wafalme wale wa zamani, waliopinduliwa kabla yeye hajazaliwa. Sasa ana fleti ya vyumba viwili, mazulia ya kutosha msikiti mzima, na mimi wa kumtunza.

Barua ya dada yake, Bibi Afsar, imefika kutoka Tehran. Afsar masikio yamekufa, simu hawezi. Madame macho yamekufa. Donc, barua. Mimi Kiajemi sijui hata neno la kuomba maji, lakini herufi ni zile zile za Kiarabu za chuoni kwa maalim Zuberi, na zile nne za nyongeza kanifundisha mwenyewe. Tabu ni kwamba hawaweki irabu, fataha wala kasra! Nakwama kila neno la tatu, ananisahihisha, nasonga. Natoa sauti tu, maana yake anaielewa yeye. Leo kagonga meza, kanitafsiria: Afsar kampa mkwe wake samovari ya babu yao, birika la chai la shaba, bila kuuliza. Miaka arobaini wanagombea birika! Akachukua kalamu nene akajibu mwenyewe, mistari inapandana. Matusi matupu, anasema, na uso umemng'aa.

Jumanne, 4 Oktoba

Ya Rabi.

Bahasha ya Tehran, lakini mwandiko si wa Afsar. Nikaifungua mbele yake kama kawaida. Karatasi ya kuchapwa, ukingo mweusi. Juu kabisa mstari mmoja, na katika barua zote za miaka minne huo ndio wa kwanza nilioelewa mwenyewe. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Chini yake, jina la Afsar.

Yeye kakaa na chai yake, amechangamka. "Haya, Kombo-jan, kanitukanaje leo?" Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye droo. Nikatoa barua ya zamani, yoyote tu, nikasoma hiyo. Yote, hadi mwisho. Kisha akasema, umesoma vizuri leo. Akaomba nimpeleke alale. Saa nane mchana!

Jumatano, 5 Oktoba

Nimempigia Monsieur Kamran, yule mtoto wa kaka yake anayekaa Auderghem. Kumbe anajua tangu wiki iliyopita! Kanishukuru sana. Moyo wa shangazi hauwezi, daktari kasema. Na kwao mtu mzee aliye mbali na msiba haambiwi hivi hivi. Tungoje mwaka wao mpya upite, mwezi wa tatu, tutamwambia pole pole. Mpaka hapo yeye Kamran ataandika barua kama Afsar, na mimi nitazisoma.

Miezi mitano! Kwetu mtu akifa mkeka unatandikwa papo hapo, watu wanakuja, unalia na wenzako. Mama alikuwa akisema mficha maradhi, kifo humfichua. Na mficha kifo je? Nilitaka kukataa. Nikasema oui, Monsieur. Mkataba wangu anausaini yeye.

Ijumaa, 21 Oktoba

Nimesoma barua ya kwanza ya Kamran. Nimekwama kama kawaida. Madame hakucheka hata mara moja. "Afsar amekuwa na adabu," akasema. Basi.

Akaandika jibu, akanipa nipeleke posta. Kamran kasema nisitume. Imo kwenye mkoba wangu, chini ya mwavuli. Nikipita sanduku la posta naangalia upande mwingine. Najiona mwizi.

Jumapili, 6 Novemba

Idi. Pilau kwa dada yangu Naïma. Nimemweleza yote. "Acha hiyo kazi, weye! Utabeba dhambi za watu." Bon, nikiacha, nani atamsomea? Nimelia mbele ya sahani. Watoto wakadhani pilipili.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimekuta unga na siagi viko tayari mezani. Pika halua, akasema. Ya nani, Madame? Ya muzee tulishapika. Pika tu.

Nikakaanga. Yeye kwenye kiti, nyuma yangu.

"Siku ile ulisoma bila kukwama, Kombo-jan. Barua mpya huwezi kuisoma hivyo. Na barua yenyewe ilikuwa ile ya masika, ya mkomamanga uliokufa kwa baridi."

Mwiko ukanitoka mkononi. Anajua tangu siku ile! Zaidi ya mwezi analia peke yake nikishaondoka. Anasema leo anaihesabu kama arobaini ya Afsar. Anabahatisha, maana siku yenyewe hakuna aliyemwambia. Nikaanza kuomba msamaha, akanikata. Barua yangu bado imo mkobani mwako? Imo, Madame. Iache humo. Na Kamran asijue kwamba najua. Mtoto yule anajitahidi sana, atavunjika moyo.

Kengele ikalia. Kamran.

Akasimama kwenye korido na koti lake, akanusa. Nimemwona akinusa! Harufu imejaa hadi kwenye ngazi. Akaangalia sufuria, akaniangalia mimi, akamwangalia shangazi yake. Rangi ikamtoka. Nikajua sasa wataangukiana walie, yaishe.

Wapi! Akachomoa bahasha mfukoni. "Shangazi, barua ya dada yako imefika."

"Alhamdulillah. Mzima?"

"Mzima kabisa. Anakusalimu sana."

Nimekimbilia jikoni, nimesingizia halua itaungua. Naandika nimesimama, daftari juu ya friji. Sote watatu tunajua, na bado wamekaa pale wananingoja mimi. Nikisema ukweli nawaaibisha wote wawili. Nikisoma, namzika Afsar bila kilio. Nifanye nini, Mungu wangu?

"Kombo-jan!" Sauti yake haitetemeki hata kidogo. "Njoo usome. Afsar hapendi kungojeshwa."