Vidonge vya Magoti

Jumapili, 3 Machi

Hili sijawahi kumwambia mtu. Napenda kusoma zile karatasi zinazokunjwa ndani ya boksi la dawa. Wenzangu darasani wana siri za wavulana – mimi siri yangu ni maandishi madogo kama chawa. Wakijua, watanicheka mpaka mwaka uishe. Lakini ndivyo nilivyo. Nasoma mwanzo hadi mwisho, hata ya dawa ya mafua.

Karatasi ya Bibi nimeikariri. Moyo wake unapiga ovyo, kwa hiyo kliniki wamempa dawa ya kuzuia damu kuganda. Kidonge kimoja kila jioni. Karatasi imeonya waziwazi: usichanganye na baadhi ya vidonge vya maumivu, unaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Na imevitaja. Diklofenaki imo.

Leo kaja Shangazi, dada mkubwa wa Baba. Ni fundi cherehani, na sauti yake huingia ndani kabla yake. Kafungua fundo la kitambaa – vidonge! Vilibaki alipoumwa mgongo.

"Mama, hivi vilininyanyua kitandani. Magoti yako yatakuwa ya msichana."

"Basi nitafutie na mchumba," Bibi akajibu.

Nikaichukua pakiti, nikaigeuza. Diklofenaki.

Nikasema. Kweli nilisema! Ila sauti ilitoka kama ya mbu.

"Haya, Profesa kaamka!" Shangazi akasema. Wakacheka wote. Hata Mama.

Nimekuja chumbani. Masikio bado yanawaka.

Jumatano, 6 Machi

Bibi anavimeza. Asubuhi kimoja, jioni kimoja. Anasema magoti yametulia, amepanda ngazi bila kushika ukuta. Kila mtu anamsifu Shangazi.

Nimemfuata Mama jikoni akiwa peke yake. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha pumzi. Yule ni wifi yake, anasema. Akikataza dawa zake leo, kesho itasemekana amemzuia asimuuguze mama yake mzazi. Niongee na Baba.

Nikaongea na Baba. "Kwani dada yangu anaweza kumpa mama yake sumu?"

Nani kataja sumu? Nani? Mimi nasema dawa, wao wanasikia lawama! Kila kidonge peke yake ni kizuri. Kile kinalinda moyo, hiki kinatuliza goti. Tatizo ni kukutana kwao tumboni mwa mtu mmoja mwenye umri wa Bibi. Ni jambo gumu hilo? Mwalimu wa kemia angelieleza ubaoni kabla kengele haijalia.

Baba aliongeza kwamba dawa haitupwi, ni kukufuru. Akaongeza sauti ya redio.

Jumatatu, 11 Machi

Tuko likizo fupi, kwa hiyo ni mimi niliyemsindikiza Bibi kliniki. Asubuhi alipopiga mswaki mate yalikuwa mekundu. Na mkononi ana mabaka meusi ya damu, wala hakujigonga popote.

Daktari alikuwa akiandika. Hakuinua macho. Akauliza kama anatumia dawa nyingine yoyote.

"Hapana, mwanangu."

Hapana! Bila hata kupepesa!

Akatazama majibu ya damu. Kipimo kizuri, dawa iendelee, mswaki apige taratibu. Mwingine aingie! Mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno, nikayameza yote.

Nje nikamuuliza Bibi kwa nini amemficha daktari. Akanishangaa, tena kwa dhati. "Nimemficha nini? Kaniuliza dawa. Vile kaniletea mwanangu."

Nimetembea mpaka nyumbani nikilifikiria hilo. Kwa Bibi, dawa ni ile unayopanga foleni na kupigiwa muhuri. Kitu kilichotoka kwenye kitambaa cha binti yako ni mapenzi, na mapenzi hayahesabiwi mbele ya daktari. Sawa. Lakini yule bwana kasoma miaka yote ile! Angeuliza tu, "Bibi, magoti yakiuma unameza nini?" Angejibiwa yote, na jina la aliyevileta, na bei ya kitambaa.

Nimemwomba aache. Anasema akivirudisha Shangazi atajiona mjinga. Basi atapunguza.

Kupunguza!

Jumanne, 12 Machi

Nimevitafuta vile vidonge ili nivitupe. Bibi kavificha. Kanikuta nimeinua mto wake.

"Unamtafuta mchumba wangu?"

Sikucheka. Uso wake umepauka kama majivu, na yeye anafanya utani.

Alhamisi, 14 Machi

Asubuhi Bibi aliniita kutoka chooni. Aliniita mimi, si Mama. Alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili. Nikatazama. Choo cheusi, kama lami, na kinanata. Najua maana yake. Ni damu ya tumboni.

Mama akampigia simu Shangazi, naye akafika akiwa bado na futi ya kupimia nguo shingoni. "Kala kitu kibaya tu. Ninacho kidonge cha tumbo hapa –" Na mkono umeshaingia kwenye mkoba!

Nikapiga kelele. Mimi! "Shangazi, usimpe kitu! Usimpe kitu chochote!"

Baba alinitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi, kisha akatoka mbio kutafuta teksi.

Hospitali tulimkuta daktari mwingine, dada kijana. Akauliza swali lile lile. Shangazi akamjibia Bibi: hana dawa nyingine.

"Anazo," nikasema. "Anameza ya kuzuia damu kuganda, na diklofenaki juu yake. Tangu Jumapili, tarehe tatu. Alivileta Shangazi." Safari hii sauti haikuwa ya mbu.

Kalamu ya daktari ikasimama. "Vyote viwili?" Hakungoja jibu. Aliita manesi, wakasukuma kitanda, mlango ukafungwa. Baba na Mama wamesimama hapo mlangoni. Nimesikia neno damu, ya kuongezewa.

Mimi na Shangazi tumebaki kwenye benchi, kila mtu pembe yake. Hajaniangalia. Vizuri. Na mimi sitaki kumwangalia. Nina hasira naye, nina hasira na yule daktari wa kliniki, na watu wote wanaogawa vidonge kama njugu, wasiulize kwanza kuna nini tumboni. Mtu analinda simu yake kuliko damu ya mama yake!

Nilikuwa naandika sentensi hiyo aliposogea.

"Na mtu wa presha?" Sauti ndogo. Sikujua anayo sauti ndogo.

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Akichanganya na hivi vya mgongo."

Akafungua mkoba. Dawa yake ya presha. Diklofenaki, pakiti mpya, nusu imeshaisha. Na vidonge vingine vyeupe kwenye kipande cha gazeti, alivyopewa na mteja wake, havina hata jina. Anakaa kwenye cherehani siku nzima, mgongo unauma, anameza ili amalize kazi za watu. Nikatazama chini. Vifundo vya miguu yake vimevimba, mikanda ya viatu imezama kwenye nyama.

"Umeshamwambia daktari wako?"

Akatikisa kichwa.

Bado nimemkasirikia. Nilifunga mkoba wake nikauvaa begani, nikamshika mkono, nikamwinua, tukaenda kupanga foleni kwenye dirisha la dawa. Naandika nimesimama, daftari juu ya mkoba. Mbele yetu kuna watu wengi. Ameniuliza aanze kueleza kipi kwanza, nikamwambia vyote, hata vile visivyo na jina. Mlango wa Bibi haujafunguliwa.