Mjane Haombi Radhi

Theodora, leo nimeaibika mpaka masikio yanawaka, lakini sifuti hata neno moja.

Lile shindano la kuandika tamthilia nzima ndani ya mwezi, si nilikwambia nimefika onyesho la mwisho? Basi asubuhi niko jikoni nalisoma kwa sauti, nisikie kama linasemeka. Pale mjane anapowaambia wajomba wa marehemu: "Mume wangu mmemzika jana, leo mnataka mikorosho yetu? Siondoki."

Nilipaza sauti kwelikweli.

Nageuka, Mjomba Nikolao yuko mlangoni. Mjomba wa mume wangu mwenyewe, katoka Mkunya kuja kutusalimia. Nyuma yake mama mkwe.

Akaniuliza, "Mama Eric, mumeo mzima yuko kazini, wewe umeshamzika?"

Eti umeshamzika, Theodora. Hata shikamoo nilikuwa sijampa.

Nikamweleza kwamba ni mchezo wa kuigiza. Akafikiri, akasema, "Basi mwandike aombe radhi, aondoke kwa heshima."

Nikamjibu, "Shikamoo Mjomba. Haombi radhi, na haondoki."

Nikajua nimekwisha.

Mama mkwe ndiye akavuta kigoda akaketi. "Kaka, kaa na wewe," akamwambia. "Nataka kusikia hao wajomba walimjibu nini."

Nikawasomea mpaka neno la mwisho, sauti ileile. Mjomba kaondoka bila kula.

Nimeshaituma hivyohivyo. Mtu akikuuliza nani kaandika maneno yale, mtajie jina langu lote.