Mawe Matatu kwenye Tangi la Kioo

Jumanne, 9 Oktoba 1984

Bwana Damasi, mkuu wetu wa ofisi ya samaki, katutangazia leo asubuhi. Kaunda suti imepauka mpaka makalioni, lakini sauti bado ya mkuu wa nchi. Bwana Samaki wa Mkoa anakuja kutoka Arusha tarehe 20. Ana nafasi ya chuo cha samaki Mwanza kwa ofisi yetu. Moja! Mwenzangu Aminiel atamwonyesha mabwawa, mimi nitamwonyesha tangi la kioo. Atakayempendeza mgeni ndiye anayekwenda.

Miaka mitatu nanuka kambare wa ziwa hili. Lazima niende mimi.

Tangi lenyewe aliliacha yule mtaalamu wa Ulaya. Tangu aondoke limejaa mafaili. Nimeyatoa yote, nikalisugua kwa majivu — sabuni tunaisikia redioni tu. Halivuji! Aliacha pia jarida la Kijerumani. Sielewi hata neno, ila picha zinatosha. Mchanga, majani ya majini, mawe. Basi. Mawe yamepangwa mpaka unaona milima kwa mbali.

Aminiel akachungulia, akasema nijaze maji nitie samaki, mgeni hali mawe. Mjinga yule. Anadhani tangi ni sufuria.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimezunguka na limau mfukoni siku nzima. Unalikamulia jiwe. Likitoa povu lina chokaa, litaharibu maji na samaki watakufa. Mawe ya kando ya ziwa — povu. Ya korongoni — povu. Ya nyuma ya kanisa — povu, na katekista kanifukuza.

Nafika nyumbani Nangara, Mama Leonsi kasimama mlangoni. Mwenye nyumba wangu. Mjane, mkono wa birika, macho kila mahali. Nikamwamkia. Hakuitikia. Akauliza nani kachuma limau kwenye mti wake. Limau moja! Kanisemea pale nusu saa, majirani wanasikia, kwamba sisi wa Kilimanjaro tumezoea kuchuma tusipopanda. Nikamwambia nimepanga chumba, sikupanga matusi. Akasema basi nipange kwingine.

Nitapanga Mwanza. Na siku hiyo hata simuagi.

Jumamosi, 13 Oktoba

NIMEYAPATA!

Mwisho kabisa wa shamba la Mama Leonsi, kwenye nyasi ndefu. Matatu, meusi, yamezama nusu ardhini, moja hapa, jingine mbele kidogo, jingine mbele tena. Kubwa lina mshipa mweupe umepita ubavuni toka juu mpaka chini. Nikakamua limau. Kimya. Hakuna povu! Kazi ya Mungu tupu, mkono wa mtu haujagusa.

Nimeyang'oa kwa fimbo, nikayabeba kwa baiskeli, moja moja, safari tatu hadi mjini. Mgongo umekufa. Mashimo nimeyafukia na kuyakanyaga vizuri kwa raba zangu, ng'ombe asije akavunjika mguu. Ruhusa sikuomba. Baada ya vita ya limau nikamwombe jiwe?

Jumatano, 17 Oktoba

Siku nne za kupanga na kupangua. Kwanza niliweka jiwe kubwa katikati, likawa kama kaburi la mtu. Nikalisogeza kushoto. Nikalilaza kidogo, kama linaegemea upepo. La pili likalala upande uleule, dogo zaidi. La tatu peke yake kulia, limezama nusu kwenye mchanga. Siri ni hiyo — yote yaelekee upande mmoja, na yasilingane. Mchanga nimeuinua nyuma, mbele nimeushusha. Ukitazama, tangi lina urefu wa shamba!

Majani nimeyatoa ziwani mwenyewe, sketi nimefunga kiunoni, jicho kwa viboko. Marefu nimeyapanda nyuma, mafupi nimeyafunga kwa uzi kwenye miguu ya mawe. Perege sita, wadogo kama kidole.

Bwana Damasi kainama mpaka pua ikagusa kioo. Yeye! Aminiel akauliza mawe nimeyatoa wapi. Nikasema korongoni. Aende akahangaike.

Ijumaa, 19 Oktoba

Mgeni haji kesho. Mkoa hauna petroli. Labda tarehe 27. Aminiel anacheka, eti majani yangu yataoza kabla. Nimemwombea upele.

Jumatatu, 22 Oktoba

Sijui niandikeje.

Nimerudi saa kumi, nikakuta watu wamejaa uani. Teodori, shemeji yake Mama Leonsi, amepitisha plau kwenye shamba la mjane. Hatua tisa ndani! Mama Leonsi kashika jembe, anapiga kelele kwamba shemeji kang'oa mawe ya mpaka. Teodori naye anapiga kelele kwamba kayang'oa mjane mwenyewe, ili amwibie ardhi. Kwamba kabla hajalima aliona nyayo za viatu vya mwanamke pale kwenye udongo. Kila mtu akamtazama Mama Leonsi miguuni.

Mawe ya mpaka. Matatu. Meusi. La mshipa mweupe waliliweka marehemu mumewe na Teodori, mwaka walipogawana shamba la baba yao.

Nilisimama na baiskeli yangu kama nimepigwa kofi. Kwetu mpaka ni masale, mmea wa kupandwa! Kila mtoto wa Rombo anajua, palipo na masale usiguse. Jiwe ni jiwe tu. Nani anaweka jiwe kwenye nyasi halafu analiita mpaka? Hawakupanda hata jani moja la kumwonya mtu! Watu gani hawa?

Sikusema. Ningesemaje mbele ya watu wote wale? Na nikisema watakuja kuyatoa, mgeni atakuta beseni la tope. Siku tano tu. Akishaona na kuandika jina langu nitayarudisha mwenyewe, na mahali nakumbuka — la kwanza limetazamana na mgunga, la pili hatua ishirini, la tatu kwenye mfereji.

Hatua tisa za mahindi. Hatakufa.

Alhamisi, 25 Oktoba

Wamemtenga. Balozi wa nyumba kumi amepita nyumba kwa nyumba. Mama Leonsi hasalimiwi, haazimwi kitu, hapewi moto. Mpaka atakapokiri au atakapoapa.

Kunyimwa moto ndiko kubaya. Viberiti hatujaviona dukani tangu mwezi wa nane. Mtaa mzima unaishi kwa kuazimana makaa.

Mimi ruhusa ninayo. Jirani kaniambia, wewe mpangaji njoo uchukue, ila mwiko kumpa yeye. Nikachukua, nikapika ugali wangu wa yanga, ule unga wa njano wa msaada. Yeye kakaa kizingitini anapukuchua mahindi, hanitazami. Anastahili, yule na limau lake. Nimejiambia hivyo mara tatu.

Ijumaa, 26 Oktoba

Gari limepata petroli, sasa halina tairi! Tarehe 3 Novemba, saa tatu asubuhi. Bwana Damasi kaapa kwamba safari hii ni kweli. Wiki nzima tena!

Perege mmoja amekufa. Aminiel kamshika mkia, kamzungusha ofisi nzima.

Jumapili, 28 Oktoba

Moto wake ulizimika jana. Leo baada ya misa nimeweka makaa matatu kwenye kigae, nikayaacha mlangoni kwake. Sio huruma. Sitaki kusikia anavyokohoa akipuliza majivu baridi.

Akatoka, akayasukuma kwa fimbo mpaka kwangu.

"Chukua moto wako."

"Mama, hakuna anayeona."

"Wataona moshi. Watakutenga na wewe. Wewe una ndugu gani hapa?"

Akaingia ndani, akafunga. Nimemchukia kuliko siku zote. Mwanamke gani huyu, hata kusaidiwa hataki! Amekula viazi vibichi, nimesikia meno.

Jumatano, 31 Oktoba

Bwana Damasi kaniambia fomu ya Mwanza imejazwa kwa penseli, jina langu. Mgeni akikubali wataandika kwa wino. Nilitakiwa kuruka kwa furaha.

Nimekaa mbele ya tangi mpaka saa tisa. Majani yameota mizizi mipya, yameshika mawe. Ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Ningekuwa mbaya ningelala vizuri. Ningekuwa mwema ningesema. Mimi sijui ni nini.

Ijumaa, 2 Novemba

Wazee wanne wamekuja jioni na balozi. Kesho saa nne, uwanjani kwa balozi, kiapo. Sio Biblia. Kiapo chao wenyewe, cha zamani. Anayeapa uongo hamalizi mwaka, wala nyumba yake. Teodori ameshaapa leo, bila kutetemeka, maana kweli hakuyagusa. Kesho ni zamu ya nyumba hii. Kila anayelala hapa ataapa maneno mawili: kwamba hakuyatoa mawe, na kwamba hamjui aliyeyatoa.

"Na mpangaji," mzee mmoja akasema.

Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo. Mimi Mkatoliki, nimepata kipaimara, siogopi mambo yale. Hata hivyo nikaanza kuhesabu miezi kwa vidole.

Mama Leonsi akasema, "Huyu hapana."

"Analala hapa."

"Analala tu. Kwao mpaka ni masale. Jiwe kwake ni jiwe. Mtamfunga mtoto wa watu kwa kiapo cha kitu asichokijua? Mama yake akija kuniuliza nimjibu nini?"

Wazee wakanong'onezana. Wakakubali. Ataapa yeye peke yake.

Halafu akanitazama. Sio usoni. Alitazama raba zangu, akazitazama taratibu, kisha akageuka akaanza kufagia ua ambao ulikuwa safi.

Anajua! Tangu lini? Anajua, na kesho ataapa kwamba hajui! Nani kamwomba? Nimemfuata jikoni, nikamwambia mama, usiende kesho, mwambie balozi unaumwa. Akasema, "Nenda kalale, una mgeni wako." Ndivyo alivyosema, una mgeni wako. Kama vile hajawahi kunitukana kwa limau moja.

Simpendi. Naandika wazi, simpendi.

Jumamosi, 3 Novemba

Ofisini. Nimefika saa kumi na mbili na nusu, wa kwanza, kupangusa kioo. Nimekipangusa mpaka saa mbili. Maji yametulia, yanapitisha mwanga wa dirishani, mawe yanaonekana kama yako hapo tangu dunia iumbwe. Nikajiambia, mgeni saa tatu, dakika kumi zinamtosha, halafu nakimbia Nangara kabla ya saa nne.

Saa tatu hakuna gari. Saa tatu na nusu hakuna gari! Bwana Damasi yuko barabarani, kanyoosha shingo. Aminiel kapaka nywele mafuta.

Kwa miguu ni nusu saa, na baiskeli ina pancha tangu juzi. Nimeingia chumba cha tangi, nimefunga mlango kwa ndani.

Nimetumbukiza mikono. La mshipa mweupe ndilo kila mzee analijua. Hilo moja linatosha kusimamisha kiapo, mengine watakuja kuyachukua. Halikutaka kutoka, mizizi imelishika. Nimeikata kwa wembe. Mchanga wa nyuma umeporomoka wote, la pili limeanguka juu ya la tatu, maji sasa ni tope, samaki hawaonekani. Kazi ya wiki tatu.

Liko mapajani. Gauni limelowa. Hasira imenijaa — kwa yule mwanamke, kwa Teodori na plau lake, kwa petroli, kwa watu wanaoweka mpaka halafu hawapandi kitu.

Naandika hapa ili nisibadili mawazo. Nimelifunga kwenye kanga.

Honi. Milango ya gari. Bwana Damasi anacheka kile kicheko chake cha wakubwa. Sauti ngeni inauliza, eh, na lile tangi nililosimuliwa liko wapi? Bwana Damasi anasema huku, mzee, huku, binti yetu ametufanyia maajabu. Kitasa kinazungushwa.

"Emerensiana? Fungua, mgeni amefika!"

Saa nne kasoro ishirini. Dirisha lina nondo. Mlango wa chumba hiki ni huo mmoja.