Mtu wa Kujua Uongo Alipofika Kerende

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Zamu ya asubuhi tena hapa mgodini Kerende. Toroli, mawe, toroli. Mabega yamekufa ganzi. Nikikohoa, natema mate ya kijivu. Uji ulikuwa na mchanga, nimeunywa hivyo hivyo.

Mwita, Mkurya wa hapa ninayesukuma naye, ameoa juzi juzi tu na ana raha ya kuudhi. Leo kanitania tangu tulipoingia shimoni. "Wewe Mngoni, kweli kwenu mtu anakula na mkwe wake sahani moja? Hamna haya nyie!" Nikamwambia kwetu mkwe ni mtu, siyo chui. Alicheka mpaka toroli likatuponyoka.

Tulipotoka tukakuta askari. Kipande cha dhahabu kimepotea katika chumba cha kuyeyushia. Jumamosi jioni kilikuwepo, Jumapili asubuhi hakipo. Hakuna kutoka. Hata wenye miji yao kijijini, kama Mwita, walale kambini.

Jumanne, 7 Agosti

Nyapara anasema analetwa Mzungu kutoka Nairobi. Kazi yake ni moja tu, kujua uongo. Hapigi mtu. Anakushika mkono, anakutazama usoni, basi, amejua. Sikujua kama kuna kazi ya namna hiyo duniani. Mpishi akasema, "Akimaliza hapa apite na kwangu, amtazame mke wangu." Tulicheka kidogo. 

Sijaiba kitu. Hata hivyo naogopa.

Alhamisi, 9 Agosti

Siamini nilichokiona leo.

Mzungu mwenyewe ni mwembamba, ana sauti ya upole. Amekaa ofisini na kiti kimoja mbele yake. Sisi benchini barazani, dirisha wazi, tunaona na kusikia yote. Hajui Kiswahili. Karani wa kutafsiri yuko likizo, kwa hiyo wamemchukua Mzee Magige wa hapa kijijini, aliyejifunza Kiingereza jeshini. Mzee Magige ndiye baba wa Gati, mke wa Mwita.

Wa kwanza wamepita vizuri. Zamu ya Mwita ikafika. Akaingia, akamwona mzee, akasimama kama aliyekanyaga nyoka. Akakaa amegeukia ukuta. Mzungu akauliza, mzee akatafsiri huku anatazama sakafu: Jumamosi usiku ulilala wapi? Nyumbani. Ulilala na nani? Kimya. Ulikuwa unafanya nini mpaka asubuhi?

Mzee mwenyewe hakulimaliza swali hilo.  Mwita akajifunika uso kwa mikono miwili. Jasho lilimtiririka kama mtu anayenyeshewa. Mzungu alimshika mkono, akamtazama, akauliza tena, akangoja. 

Mzungu akafunga kalamu yake. Akasema mwizi amepatikana. Tuliobaki benchini tukaambiwa twende zetu.

Wakurya wote pale barazani waliinamisha vichwa.  Nilitaka kuwapiga.

Ijumaa, 10 Agosti

Mwita wamemfungia katika stoo ya majembe. Kesho kutwa anapelekwa Bomani, Tarime, na kutoka hapo ni jela. Nimempelekea ugali. Askari aliniruhusu kusimama mlangoni.

Nikamwambia, "Wewe ni mjinga? Kwa nini hukusema ulikuwa na mke wako?"

Akanitazama kama mimi ndiye mwenda wazimu. "Niseme mbele ya mkwe wangu kwamba nimelala na binti yake? Na yeye ayatoe maneno hayo kwa mdomo wake?"

"Basi kesho nitamweleza Mzungu mimi."

"Ukisema hivyo, mzee yule atayasikia na itabidi ayatafsiri. Itakuwa ni sawa na kunivua nguo mbele yake. Usinijue tena."

"Afadhali jela?"

"Afadhali jela."

Ugali hakuugusa. Nimerudi nao kambini. Mtu hana kosa, kila mtu hapa anajua hana kosa, na wanamwacha aende. Mzee Magige anajua kuliko wote. Na yeye hawezi kusema. Sijawahi kuona kitu kama hiki tangu nitoke Songea.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimekwenda mwenyewe. Sikuitwa.

Nilikaa katika kile kiti. Mzungu akanishika mkono, vidole vyake baridi. Nikasema Mwita Jumamosi alilala chumbani kwangu kambini. Alishikwa na homa. Nilimpa maji, nilimfunika blanketi langu, hakutoka mpaka jua lilipochomoza. Alificha kwa sababu ni mwiko mtu wa nje kulala kambini. Uongo mtupu. Kila neno.

Mzee Magige aliinua macho. Akanitazama, mara moja tu. Kisha akatafsiri neno kwa neno, sauti imenyooka.

Mzungu alinikazia macho.  Halafu akaniachia mkono, akasema kitu kirefu. Mzee akatafsiri: "Bwana anasema, katika watu wote wa mgodi huu, ni wewe tu ambaye hukumficha kitu."

Wamemfungulia Mwita saa ile ile.

Jumapili, 12 Agosti

Sikwenda kusali. Nimelala kitandani natazama bati. Asiyesema uongo alikuwa mwizi kwa siku mbili. Mimi ndiye mwema. Mtu ametolewa Nairobi kwa kazi hii.

Mzungu ameondoka. Dhahabu haijaonekana. Wazungu wawili wanaoshika funguo za kile chumba hawakukaa kwenye kiti.

Jumatano, 15 Agosti

Nimetolewa shimoni. Bwana Mkubwa wa mgodi kasema mtu mkweli asipotezwe kwenye toroli, awe mlinzi wa chumba cha kuyeyushia. Wamenipa koti na rungu.

Mwita amepita mchana, mweupe kwa vumbi, akisukuma toroli na mtu mwingine. Hakutania. Alisema, "Habari ya kazi, kaka." Hajawahi kuniita kaka. Nikasema nzuri. Toroli likaendelea.

Nimekaa kivulini mpaka jioni. Sikukohoa hata mara moja.