Taa Nyekundu ya Nyuma

Baba Zuhura,

Nianze na lile ambalo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza hali: taa yako imerudi. Iko nyuma ya pikipiki, chini ya sanduku la mahamri, pale pale ulipoifunga kwa mkono wako. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Nakuandikia nimekaa kibarazani, karai limepoa na harufu ya iliki bado iko vidoleni. Usiucheke mwandiko wangu. Uliucheka vya kutosha ulipokuwa hai.

Mambo ya taa hii unayajua, lakini nitaanza mbali hivyo hivyo, kwa kuwa napenda kuyakumbuka.

Ulikuwa ukitoka baada ya sala ya alfajiri, kiza bado. Unapita Junda mpaka Mjambere ukiuza njiani, kisha unageuza na kushika njia ya darajani kwenda kazini kwako bandarini. Honi imamu alikukataza, na haki ilikuwa yake, watu walikuwa bado msikitini wakisoma nyiradi zao. Basi wanawake wakawa wanatoka na sahani kwa kila kinachonguruma, mara lori la mawe, mara gari la maziwa, wanarudi ndani wanakulaani. Ndipo ukaiunda ile taa: kopo la samli, kioo chekundu ulichopewa na baharia, na waya mpaka kwenye betri. Ukaifunga mbele, juu ya taa nyeupe. Tangu siku hiyo mtu akichungulia dirishani akaona wekundu unakuja, alijua hatakunywa chai kavu. Na wewe ukatembea mtaani kifua mbele, utadhani stima umeivumbua wewe.

Kisha Sajini Wafula, yule wa trafiki aliyetoka bara, akakusimamisha. "Mzee, hii taa iko makosa. Mbele ni nyeupe, nyuma ni nyekundu." Ulirudi nyumbani umenuna, taa mkononi. Ukaniuliza, kana kwamba sheria niliitunga mimi, tangu lini serikali ikamchagulia mtu rangi ya taa yake.

Hazikupita siku tatu. Bi Mwanakombo wa Mjambere, mwenye macho mabovu na njaa nzuri, akasikia pikipiki, akaona taa moja nyeupe, akatoka na sahani na kusimama katikati ya njia. "Nipe sita, na leo usinitilie yaliyoungua kama ya jana, wallahi ntakurudishia!" Kumbe aliyemsimamisha ni Sajini Wafula mwenyewe, na kofia yake kichwani. Mbele kidogo wakamsimamisha wengine wawili. (Na yaliyoungua yalikuwa mawili tu. Wewe ndiwe uliyenishughulisha kwa maneno yako.)

Mchana ule akaja kwetu. Mimi nilijua amekuja kukufunga. Akaketi kibarazani, akacheka mpaka akavua kofia, kisha akakueleza taratibu. Mtu akiona nyekundu barabarani, alisema, anajua huo ni mgongo wa gari. "Nyekundu maana yake huyu anaenda. Sasa wewe unakuja na nyekundu, mtu atakugonga akifikiri unaenda." Tena akasema, "Nyuma unaweza weka, hata kubwa."

Wewe ulilisikia hilo la mwisho tu. Jioni ile ile ukaihamishia nyuma, na kesho yake ukageuza biashara yote. Ukawa unapanda mpaka Mjambere bila kuuza hata hamri moja, watu wanaona wekundu umepita, wanaamka, wanateleka chai, wanatafuta sahani. Ukirudi, unawakuta wote milangoni wanakungoja. Sajini akikutana nawe anapiga saluti. Nilikuwa nikikwambia anakudhihaki, ukakataa katakata.

Wewe uliipenda taa kwa ajili ya wateja. Mimi niliipenda kwa sababu nyingine ambayo sikukwambia. Ilipokuwa mbele, ukitoka nilikuwa naachiwa kiza na moshi. Ilipohamia nyuma nikawa nasimama mlangoni nakuona mpaka kona ya kisima. Siku moja ulirudi kuchukua kitambaa ulichosahau, ukanikuta nimesimama. "Wanilinda nisitoroke?" Nikakujibu naangalia kama sanduku limefungwa sawasawa. Ulikuwa uongo. Nilikuwa nakuangalia wewe.

Sasa habari za tangu ulipoondoka. Zuhura amejifungua salama huko Likoni, mtoto wa kike, na masikini amechukua paji lako la uso. Paa la jikoni limeezekwa upya. Nilipotoka eda, ndugu yako Salimu alikuja akasema pikipiki isikae ikaoza, na watu njiani wanaulizia mahamri. Nikawasha moto. Salimu anaendesha vizuri kuliko wewe, niwie radhi, wala hamwagi tui la mbaazi.

Lakini asubuhi alipokuwa akitoka sikwenda mlangoni. Nilikuwa nauelekezea mlango mgongo, nasugua karai lililokwisha kutakata. Niliogopa kuiona ile taa ikienda na mtu mwingine juu yake. Kila siku nilijiambia nitatazama kesho, na kesho zikawa nyingi.

Kisha uhuru ukaja. Ungefurahi, wewe mpenda makuu. Barabara ya Kisauni ilijaa magari yaliyovishwa taa za kijani na nyekundu, baiskeli nazo hazikubaki nyuma. Alfajiri moja Salimu akaifungua taa yako akaihamishia mbele. "Shemeji," akaniambia baadaye, "sheria ya taa ilikuwa ya Mzungu, na Mzungu amepanda meli." Usimcheke peke yake, mtaa mzima uliamini hivyo.

Na asubuhi ile ile, Baba Zuhura, ndiyo niliyojikaza hatimaye nikaenda mlangoni. Nikaona kiza. Kiza na moshi, kama zamani. Nilirudi ndani nikalia kama siku ile walipokutoa nyumbani. Nilikuwa nimeiweka akiba taa ile, nikidhani itaningoja mpaka nipate moyo.

Saa nne Salimu akarudi bila taa kabisa. Sajini Wafula ameichukua, pamoja na za wenzake, na juma likiisha zote zitavunjwa. Salimu akasema si neno, ataunda nyingine nzuri zaidi. Nilivaa buibui nikaenda kituoni mwenyewe, mimi ambaye hata kwa karani wa baraza ulikuwa ukiniendea wewe.

Taa zilikuwa zimerundikwa sakafuni, za kila rangi. Yako niliijua kwa kopo la samli. Sajini alikuwa na beji mpya kofiani na uso ule ule. Hakunitambua. "Mama, sheria ni ile ile. Bendera imebadilika, lakini nyekundu bado haiwezi kaa mbele."

Nikamwambia sikuja kuombea mbele. Nataka ikae nyuma, pale alipoiweka mwenyewe.

Akanitazama kwa makini. "Ni ile ya mzee wa mahamri? Yeye mwenyewe yuko wapi?" Alikuwa amehamishwa, amerudi juzi tu, hana habari. Nikamwambia eda yake nimekwisha kutoka. Akafahamu. Akavua kofia, na hiyo ni mara ya pili mimi kumwona akiivua, ya kwanza ikiwa ni siku aliyocheka kibarazani kwetu. "Pole sana, Mama. Alikuwa mtu wa maana." Akainama, akaitoa taa yako katikati ya lile rundo, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake la serikali.

Jana alasiri akaja na spana. Hakumwachia Salimu aifunge, aliifunga mwenyewe, akarudi hatua kumi kuitazama, akaja akaiinamisha kidogo. Salimu, kwa haya, akamwuliza kama basi uhuru haukubadilisha kitu. "Imebadilisha mengi," akasema. "Taa bado." Nilicheka, Baba Zuhura. Nilicheka kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Nikamtilia Sajini mbaazi na mahamri, akala, akaniambia mahamri hayajaharibika. Hiyo kwa watu wa bara nadhani ni sifa.

Leo alfajiri nilisimama mlangoni. Salimu alipiga teke, pikipiki ikaitikia mara ya pili, na wekundu ukawaka chini ya sanduku. Ukashuka njia taratibu, ukaruka pale kwenye shimo ambalo hukuacha kulilalamikia, ukafika kona ya kisima. Nyekundu maana yake huyu anaenda. Siku zote hizi nilikuwa sitaki kuliona hilo. Leo nimelitazama mpaka kona ikalimeza, na roho yangu imetulia. Nilibaki pale nikisikiliza mngurumo mpaka ukapotea, kisha pua ikanikumbusha kuwa nimeacha mahamri ya majirani kwenye mafuta. Mawili yameungua. Nimemwekea Bi Mwanakombo, asije akasema dunia imebadilika.

Nakuahidi haya. Kioo nitakifuta kila Ijumaa, kwa kitambaa kile kile ulichokuwa ukikisahau. Mjukuu wako akianza kusimama nitamleta hapa mlangoni nimwoneshe njia uliyokuwa ukipita. Na taa haitahama nyuma maadamu mimi nakanda unga, hata ije serikali gani.

Nilipokuaga siku ile nyumba ilikuwa imejaa watu, nikaona haya kusema neno. Sasa naweza.

Haya, nenda, Baba Zuhura. Nenda salama. Nimesimama mlangoni, nakuona.

Mkeo,
Mama Zuhura,
Junda