Nilikulipa Wewe Kwanza

Akron, Ohio

Dada Loretta,

Nyanya zimeiva nyingi mno mwaka huu, nawagawia majirani. Paa lako jipya linazuia mvua? Niandikie tu, simu siku hizi siipokei.

Wakili wa kesi ya kufilisika nimemmalizia ada yake Ijumaa. Alitaka pesa zote mkononi kabla ya kufungua kesi ya kuomba mahakama inifutie madeni, maana akinikopesha, deni lake litafutwa pamoja na madeni ya wengine. Ndiyo maana nimeuza gari la marehemu mume wangu, Dwight.

Tulipojaza fomu akaniuliza, "Mwaka huu umemlipa ndugu yeyote?"

Nikajibu kwa majivuno, "Dada yangu, kabla ya wote. Dola elfu nne alizonikopesha nimzike mume wangu. Benki zingoje."

Akaweka kalamu chini. "Mama, afadhali ungemlipa mtu baki. Kumlipa ndugu kabla ya wadai wengine, sheria inauita upendeleo. Mahakama itazidai pesa hizo zirudi zigawiwe wote, na itamdai yeye."

"Ameshaezekea paa."

"Watamfuata hukohuko."

Kuficha ni kifungo, dada. Nimeandika jina lako na anwani, hata rangi ya geti. Akibisha hodi mgeni mwenye bahasha, usimuulize nani kamwelekeza.

Mdogo wako,
Noreen