Baba, Sasa Tunafua kwa Gesi

Buyenzi, Bujumbura

Baba yangu, Mzee Saidi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mama, ile dawa ya kifua imemsaidia? Mimi ni mzima, nakula, nalala, nasali. Siku mojamoja tunasikia risasi kutoka milimani. Tunaulizana kama ni karibu, kisha kazi inaendelea. Msinifikirie kuwa nimepotelea vitani. Nipo kiwandani, naunguza mashati kwa cheche za chuma.

Dada Zuhura, najua ni wewe unayemsomea baba. Soma polepole, na kicheko kiweke hadi mwisho.

Baba, huku mkaa umeadimika. Njia ya milimani haipitiki, na gunia moja likiteremka mjini wapishi wanaligombea kabla sisi hatujaliona. Mvukuto ulionipa nilipoondoka Ujiji ulikaa majuma umetundikwa ukutani. Na wakati huohuo mashine ya kusaga ya Maman Consolata ikasimama. Huyu ni mjane wa Nyakabiga, mtaa wa jirani, mfupi, sauti yake ya watu watatu. Ndani ya mashine mna vipande vya chuma vinavyozunguka na kuponda nafaka. Vilikuwa vimelika hadi vimebaki vyembamba kama visu, na vipya havipatikani. Wanawake wa mtaa wakawa wanabeba mahindi na mihogo hadi ng'ambo ya mto, upande wa Mutanga Nord, kupita vizuizi viwili vya askari. Siku moja risasi zililia wakiwa njiani. Walirudi wakikimbia, mmoja ana mimba kubwa, mikono mitupu, unga wote umebaki barabarani.

Kesho yake Maman Consolata akaingia kiwandani.

"Rama, we ni fundi ao apana?"

"Ni fundi, Maman."

"Basi unifulie ile vyuma."

"Chuma ninacho, springi ya lori. Moto ndio sina."

"Mutu wa moto anakosa moto!" akasema, akaondoka bila kuaga.

Iliniuma, baba. Mwenzangu wa kiwanda anaitwa Déo, mchomeleaji, Mkristo mwenye subira kuliko mashehe wengi ninaowajua. Alimwomba mkewe mtungi wa gesi wa jikoni. Tukachukua dumu la chuma, tukalikandika udongo wa mfinyanzi kwa ndani, tukatia bomba ubavuni. Kwenye mdomo wa mtungi tukaacha ile detanda ya jikoni, yaani kifaa kinachopunguza nguvu ya gesi kabla haijaingia kwenye mpira. Tukawasha. Moto wenyewe ulikuwa wa kuchemshia uji wa mgonjwa. Chuma kikawa chekundu kwa mbali, kama kinaona haya, kikagoma hapohapo. Kila nikiongeza hewa, moto unarudi ndani ya bomba na kupiga "pwa!"

Zuhura, hapa mama akiwepo, mtume akalete maji ya kunywa.

Nikamwambia Déo, "Tutoe detanda. Gesi itoke na nguvu zake zote."

"Apana, Rama. Ile gazi itatuua."

Sikumsikiliza. Aliposogea pembeni niliufunga mpira wa jikoni moja kwa moja kwenye mtungi, nikafungua. Moto ulinguruma vizuri kwa muda wa kusema bismillahi. Kisha mpira ukachomoka kwenye bomba, ukawa unarukaruka sakafuni ukitema moto. Nikarudi kinyumenyume, nikaanguka juu ya fuawe. Déo alijizungushia gunia lililolowa mkononi, akaupitia moto hadi kwenye mtungi, akaufunga. Hakunigombeza. Alikaa chini tu, lile gunia bado mkononi. Mimi nilipoteza nyusi zote mbili. Baba, wewe ulinifundisha kuuheshimu moto na mimi nikajifanya najua zaidi. Naomba radhi yako. Kwa Déo nilishaomba, mara nyingi.

Habari ilifika Nyakabiga haraka. Maman Consolata akaja, akaniangalia uso, akacheka hadi akashika mlango. Ghafla akageuka, akatoka. Alasiri akarudi na kitu amekifunga kwenye kitenge. Ilikuwa detanda nyingine, nzito, nyekundu, ina skrubu kubwa ya kuzungusha na saa ndogo ya kuonyesha presha, pamoja na mpira wake mnene.

"Bwana yangu alikuwa anayeyusha lami mu barabara," akasema. "Hii ilikuwa ya kwake. Ile yenu ni ya kupika maharage. Hii iko na presha ya kazi."

Alituamrisha kama koplo, jinsi alivyomwona mumewe akifanya. Mtungi tuuweke nje ya ukuta, usimame wima. Kila kiungo tukipake povu la sabuni. Kwenye kiungo kimoja povu likafura, akakataa kabisa tuwashe hadi Déo alipokikaza. Skrubu kwanza ilegezwe yote, moto uwashwe mdogo.

"Sasa fungua. Polepole, Rama! Sawa unamushika mutoto muchanga."

Nikazungusha kidogo, tena kidogo. Baba, laiti ungeusikia! Moto ulijaa tanuri, ukanguruma bila kukatika, na kile kipande cha springi kikageuka rangi ya papai lililoiva, kisha kikang'aa zaidi. Nilipiga nyundo, na chuma kikanitii. Nilipogeuka nilimwona Maman Consolata amefumba macho, anasikiliza.

Tulifua vipande vyote kwa siku mbili. Siku tuliyovifunga, mashine ilipoanza kulia, wanawake walipiga vigelegele hadi askari wa kizuizini wakaja kutazama kuna nini. Yule mwenye mimba alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Déo alitoka humo mweupe kwa unga, mkewe akampita barabarani bila kumtambua.

Nikaifunga detanda kwenye kitenge kilekile, nikampelekea. Hakuipokea.

"Bwana yangu alitoka asubuhi kwenda kazini, akakosa kurudi," akasema. "Miaka hii yote kila Pasaka ninaitoa mu sanduku, ninaipangusa, ninairudisha. Nimechoka kuipangusa. Ikae kwako, ifanye kazi." Kisha akanifokea kwamba nimekonda, akanipa kibaba cha unga.

Sasa tunafua majembe, baba, ya wanaolima bondeni. Mtungi unashuka kwa kasi, lakini kazi ipo.

Nisalimie mama, usimweleze ya nyusi. Nisalimie shangazi mshonaji, mjomba mwadhini, na shemeji wa baiskeli, mume wa Zuhura. Déo anakuamkia shikamoo, nimemfundisha mimi.

Na unijibu jambo moja upesi. Springi ikishapigwa, unaitumbukiza kwenye mafuta ikiwa na rangi gani? Déo ana lake na mimi nina langu, tumebishana juma zima. Tumekubaliana kwamba hakimu ni wewe.

Mwanao, mhunzi wa Buyenzi,
Ramadhani